Kishona Nguo Nacho Kipewe Pembe Yake

Hakuna mtu aliyekulia shamba katika nchi hizi zetu asiyekijua kishona nguo. Mvua zikishakatika, pita njia nyembamba baina ya mashamba mawili, kisha fika nyumbani ujitazame. Utakuta suruali au kanga imejaa vijiti vyeusi vilivyojipanga barabara, kana kwamba fundi cherehani alikuwa akikufuata nyuma kimyakimya. Waswahili wameupa mmea huu jina la kazi yake. Wajaluo huuita onyiego, Wakikuyu huuita muceege, na wataalamu wa mimea huuita Bidens pilosa, jina lililotolewa na Carl Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753, yaani mmea wa meno mawili na wenye nywele.

Nataka leo kuzungumza juu ya mmea huu na mahali pake katika bustani zetu, na hasa bustani za Kisegi, kule Gwassi, upande ambao Homa Bay na Migori zinapakana na ziwa la Victoria liko karibu. Huenda msomaji akacheka, akauliza kama magazeti yamekwisha habari hata tuandike juu ya magugu. Namwomba avumilie. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na katika jambo hili la gugu moja dogo mna swali kubwa: ni nani anayeamua lipi liishi katika shamba letu na lipi life, na anaamua kwa elimu gani?

Rai yangu naitoa mapema ili nisimchoshe mtu. Kishona nguo hakistahili kuachwa kijitawale bustanini, na pia hakistahili kufutwa katika kila kipande cha ardhi. Kinastahili pembe yake, na mwenye bustani ndiye apasaye kukilinda kisitoke katika pembe hiyo.

Tuanze na ugeni wake, kwa maana wapo wasemao kwamba kwa kuwa ni gugu la kigeni, basi halina haki hapa. Ni kweli, asili ya kishona nguo ni Marekani ya kitropiki, na kilivuka bahari pamoja na watu na mizigo yao mpaka kikaenea duniani. Lakini tazama shamba la kawaida la Kisegi. Mahindi yametoka Marekani. Mihogo, viazi vitamu, karanga, nyanya na maharage ya kawaida, asili yake ni huko huko. Ukiondoa mtama, wimbi na baadhi ya mboga za kienyeji, shamba lote limejaa wageni, nasi tunawaita wenyeji kwa sababu wanatushibisha. Kwa hiyo ugeni pekee si kosa. Kosa, kama lipo, litafutwe katika tabia.

Na tabia ya kishona nguo yafaa kuijua vizuri. Ua lake ni dogo, lina kitovu cha manjano, na mara nyingine huzungukwa na petali chache nyeupe. Ua likikauka hubaki kichwa cha mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano, zilizotawanyika pande zote. Kila mbegu ina ncha mbili au tatu, na katika kila ncha mna vijino vidogo vilivyoelekea nyuma. Mvuvi yeyote wa ziwani ataelewa mara moja, maana ndivyo ulivyo ule ujino wa ndoana unaomzuia samaki asichomoke. Mbegu huingia kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Mbuzi akipita huchukua zake, mbwa akipita huchukua zake, na mtoto wa shule akipita huchukua zake. Mmea usio na miguu wala mabawa umepata usafiri wa bure.

Wenye akili walijifunza kutokana na mimea ya namna hii. Mwaka 1941 huko Uswisi, mhandisi George de Mestral alirudi kutoka matembezini na mbwa wake, akatazama kwa hadubini mbegu za gugu jingine lililomnata, akaona vikulabu vidogo. Kutokana na vikulabu hivyo alibuni ule utepe unaonata pasipo kifungo wala zipu, ambao leo tunauona katika viatu vya watoto na mikoba. Wengine walipita katika magugu yale yale wakaishia kulaani. Yeye alitazama.

Basi nasi tutazame, lakini bila upendeleo, maana mashitaka dhidi ya kishona nguo ni mazito. Mche mmoja uliokua vizuri waweza kutoa mbegu kati ya 3,000 na 6,000. Mbegu zenyewe ni za namna mbili. Zile ndefu za katikati ya kichwa huota upesi mara zipatapo unyevu, na zile fupi za pembeni aghalabu huchelewa, zikangoja wakati mwingine. Ni kama mwenye nyumba mwangalifu: nusu ya akiba anaipanda leo, nusu anaiweka ghalani. Ndiyo sababu mkulima apalilie leo, ashangae kukuta shamba limefunikwa tena baada ya mvua mbili. Gugu hili limehesabiwa kuwa adui wa mazao 31 katika nchi zaidi ya 40. Hunyang'anya maharage maji na rutuba, na hutunza katika mizizi yake minyoo midogo ile inayoharibu mizizi ya nyanya. Mtu aliyekiacha kishona nguo katikati ya kitalu cha nyanya amemkaribisha mwizi pamoja na wenzake.

Yako pia mashitaka ambayo vitabu vya kilimo havitaji. Nani anayezichomoa mbegu hizi katika nguo? Nimeona mara nyingi, jioni, baada ya mama kutoka shamba, kuteka maji na kuinjika chungu, ameketi mlangoni na sare ya mtoto mapajani, anang'oa sindano moja moja. Ukizifua pamoja na nguo haziondoki, hujikaza zaidi. Palizi nayo, katika nyumba nyingi, iko mikononi mwa akina mama na watoto. Kwa hiyo anayekitetea kishona nguo akiwa amekaa mjini, na asitaje migongo hii inayoinama, hatendi haki. Mimi sitaki kukitetea kwa jasho la mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo ninaelewa kwa nini siku hizi wengi wanakimbilia dawa ya kuua magugu. Vijana wamekwenda mijini au ziwani kutafuta pesa, vibarua wana bei, na duka la pembejeo liko karibu. Mtu hubeba bomba mgongoni, na kazi ya siku nne anaimaliza kwa asubuhi moja. Ukimwambia arudi kwenye jembe anakuona huna huruma.

Lakini tuulize dawa hiyo inafanya nini hasa. Mwaka 1991 iliripotiwa kwamba katika mashamba ya kahawa hapa Kenya kulikuwa na vishona nguo vilivyostahimili parakwati, dawa iliyokuwa ikinyunyizwa humo. Baadaye huko Meksiko vilipatikana vingine vilivyostahimili glaifoseti. Sababu yake si uchawi. Ukinyunyiza dawa ile ile msimu baada ya msimu, unawaua wanyonge na kuwaacha wenye nguvu, na hao wenye nguvu ndio watakaotoa zile mbegu elfu kadhaa. Baada ya miaka michache unakuwa na kishona nguo sugu, mfuko mtupu, na duka linalokuuzia dawa kali zaidi.

Na si hilo tu. Bomba halichagui. Katika bustani zetu mna mboga ambazo hujiotea zenyewe, nazo ndizo zinazotuokoa mahindi yanapokuwa bado machanga: dek, osuga, apoth, ododo na mito. Mimea hii hupenda kuota pale pale kinapoota kishona nguo, yaani pembeni mwa shamba, karibu na zizi na kando ya njia. Mwenye jembe huinama, akaona, akakata hiki na kukiacha kile. Mwenye bomba hupita wima. Namjua mtu mmoja, jina lake silitaji, aliyenyunyiza kingo zote za shamba lake ili apate usafi kama wa uwanja wa mpira. Usafi aliupata. Msimu uliofuata mkewe alikuwa akinunua sokoni osuga ambayo zamani aliichuma hatua kumi kutoka jikoni.

Hapa ndipo neno gugu linapotupotosha. Zamani si nyingi, hizo mboga nazo zilidharauliwa. Watu waliona haya kumwandalia mgeni mboga za porini, wakapanda kabichi na sukuma wiki pekee. Ilihitaji kazi ya miaka mingi ya wataalamu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na ya watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kuzirudishia heshima. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kukuza na kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi utamaduni. Leo osuga inauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Mmea haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni macho yetu.

Je, kishona nguo nacho kinalika? Naam, katika sehemu nyingi za Afrika majani yake machanga huchumwa kabla ya kutoa maua, yakapikwa kama mboga, mara nyingi pamoja na mboga nyingine kwa sababu ya ukali wake. Majani yaliyopondwa hutiwa juu ya jeraha dogo ili damu ikatike. Profesa J. O. Kokwaro, katika kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1976, aliikusanya elimu ya namna hii kutoka kwa makabila mengi kabla haijazikwa na wazee. Hata hivyo sipendi kuwahadaa wasomaji. Mwaka 1979 wanasayansi walichapisha majaribio juu ya panya, wakauonyesha mmea huu, ambao huliwa Afrika Kusini, kuwa na jambo la kutiliwa shaka kuhusu umio. Majaribio ya panya si hukumu kwa binadamu, lakini yatosha kutufundisha kiasi. Mboga ya mara moja moja wakati wa shida si sawa na mboga ya kila siku. Na jeraha kubwa lipelekwe hospitali.

Faida iliyo wazi zaidi si ya mezani mwetu bali ya mifugo. Sungura hukipenda kishona nguo sana, na mtoto afugaye sungura wawili ana kazi nzuri ya kukipunguza shambani bila kulipwa. Mbuzi nao hukila kikiwa kichanga. Nyuki huyatembelea maua yake hata mazao yakiwa hayana maua. Nacho kikikatwa kabla ya kutoa mbegu na kutandazwa baina ya mistari ya mahindi, huoza kikarudisha udongoni kile kilichokuwa kimechukua.

Kuna shahidi mwingine, naye yuko karibu na Kisegi kuliko wataalamu wa ng'ambo. Pale Mbita, ufukweni mwa ziwa hili hili, kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, na kituo hicho leo kinaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi hiyo wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Kenya na wa Rothamsted ya Uingereza, walitafuta njia ya kuwafukuza funza watobao mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu baina ya mistari ya mahindi na majani ya nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwasukuma nondo mbali, na nepia huwavuta nje ya shamba, na kwa hiyo mbinu hiyo ikaitwa sukuma-vuta. Kisha likaonekana jambo ambalo halikuwa limetafutwa: kiduha, ambacho Wajaluo hukiita kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama na kuleta njaa katika nyumba nyingi za Nyanza, lilipungua sana palipokuwa na desmodiamu. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha kabla ya wakati na kuzizuia zisishike mizizi ya mahindi.

Sasa msomaji akumbuke kwamba desmodiamu nayo ni mmea unaonata. Vikonyo vya mbegu zake vimejaa nywele zenye vikulabu, na ukipita ndani yake zikiwa zimekauka utatoka umevaa koti la mbegu. Asili yake nayo ni Marekani ya kusini. Kama wale watafiti wangeiweka katika fungu moja na kila kinachong'ang'ania nguo, wakaifyeka, mkulima wa Nyanza asingeipata silaha hii dhidi ya kayongo. Sisemi kwamba kishona nguo kitafanya kazi ya desmodiamu. Nasema kwamba mmea hauhukumiwi kwa kero yake ya kwanza.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa debe. Watu wengi wa Gwassi ni Wasuba kwa asili, na wengi wao wamekiacha Kisuba wakahamia Dholuo. Lugha inapoondoka, majina ya mimea hutangulia mlangoni. Baadaye huondoka hata maarifa: upi wa mbuzi, upi wa kidonda, upi ukiuona ujue udongo bado una nguvu. Mtoto anayejua neno moja tu, magugu, kwa kila kijani asichokipanda, amenyang'anywa kitabu kizima kabla hajajifunza kusoma. Na mtoto huyo ndiye tutakayempa bomba kesho.

Mtu ataniambia kwamba kukipa kishona nguo pembe ni kumfuga chui nyuma ya nyumba, maana mbegu elfu kadhaa haziheshimu mpaka. Ni hoja ya haki, na jibu lake liko katika tabia ya mmea wenyewe. Mbegu hizi hazirushwi mbali na upepo, husubiri kubebwa. Basi pembe hiyo isiwe kando ya njia wala karibu na kitalu cha nyanya au maharage. Iwe nyuma ya zizi au chini ya ua, mahali pasipopitwa na watu. Kifyekwe mara ua la manjano linapoanza kunyauka, kabla kichwa hakijawa cheusi, nacho hapo hapo kiwe chakula cha sungura au matandazo. Kilichokwisha kuwa na mbegu nyeusi kisitupwe katika shimo la mboji, maana utakuja kukipanda kwa mikono yako mwenyewe. Ndani ya bustani kisiachwe hata kimoja. King'olewe kikiwa na majani manne, wakati ambapo mkono wa mtoto unatosha. Udongo ufunikwe kwa matandazo, kwa sababu mbegu zake huota zaidi zikiwa karibu na uso na zikipata mwanga. Na anayetoka shamba ajikung'ute pale pale shambani, asibebe mbegu mpaka mlangoni halafu amwachie mama kazi ya kuzichomoa.

Hayo si mengi. Ni kazi ndogo inayofanywa kwa wakati wake, badala ya kazi kubwa inayofanywa kwa hasira. Wanaume nao washike jembe wakati wa palizi ya kwanza, maana gugu linaloachiwa mtu mmoja halimaliziki. Shule za huko, ambazo nyingi zina viwanja, zingeweza kutenga kitalu kimoja cha mimea ya porini, kila mche na jina lake kwa Dholuo, kwa Kisuba mradi wazee bado wapo wa kuuliza, na kwa Kiswahili. Gharama yake ni vibao vichache na mwalimu mmoja mwenye hamu.

Bustani nzuri si ile iliyopigwa uchi mpaka udongo ukaona haya. Ni ile ambayo mwenyewe anaweza kutembea ndani yake akakuambia kila kilichomo, kwa nini kipo hapo, na lini atakiondoa. Akifika katika ile pembe ya nyuma, awe na neno la kusema hata juu ya kishona nguo.